Fizio si kukandwa tu

Mama alipopata kiharusi, jirani yetu mmoja hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, alikuja na chupa ya mafuta. Aliketi kando ya kitanda, akauchua ule mkono wa kulia uliolegea karibu saa nzima, kisha akatuambia kwa moyo safi, "Endeleeni hivi kila siku. Hii ndiyo fizio yenyewe, msipoteze nauli." Tukamwamini wiki mbili nzima. Wiki hizo bado zinaniuma, ndiyo maana naandika.

Tangu hapo nimekaa miezi mingi kwenye benchi la idara ya fiziotherapia, ndiyo hiyo fizio kwa kifupi, nikimsubiri Mama. Benchini watu huzungumza, na mengi yanayosemwa pale nami niliwahi kuyaamini.

"Fizio ni kukandwa." Siku ya kwanza mtaalamu hakushika mafuta. Alimuuliza Mama anaishi ghorofa ya ngapi. Ya nne, hakuna lifti. Akamwomba ajaribu kuketi bila kushikwa, asimame, anyanyue vidole vya mguu. Akamgusa huku na huku, macho ya Mama yakiwa yamefumbwa, kujua anahisi wapi. Kisha wakapanga lengo: Mama ashuke hadi dukani mwenyewe. Kuchua kupo, na kunasaidia pale misuli imekaza, lakini ni kipande kidogo tu. Sehemu kubwa ya tiba hii ni kupima tatizo liko wapi, kisha kumpa mgonjwa mazoezi yanayolingana nalo.

Katika chumba cha mazoezi kuna ngazi tatu za mbao zenye vishikio. Pale ndipo alipofundishwa: "Shosho, ukipanda, mguu mzima utangulie. Ukishuka, ule mgonjwa utangulie." Kupanda kunahitaji mguu wenye nguvu ya kuuinua mwili, kushuka, ule mzima unabaki juu ukibeba uzito huku mwenzake ukitafuta pa kukanyaga. Nami nikafundishwa mahali pangu: ngazi moja chini yake, upande ulio dhaifu.

Siku hiyohiyo mtaalamu aliniona nikimwinua Mama kwa kumvuta ule mkono, akanizuia kwa haraka. Baada ya kiharusi, misuli inayoshikilia bega hulegea, na mfupa wa mkono huweza kuteremka kidogo kutoka mahali pake. Ukivuta, unaongeza jeraha na maumivu yanayoweza kudumu muda mrefu. Shika nyuma ya bega au kiunoni, kamwe usivute mkono. Kama una mgonjwa wa kiharusi nyumbani, waambie hili watu wote wanaomsaidia, hata watoto.

"Miezi sita ikipita, amebaki hivyo." Ni kweli nafuu huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, na ndiyo sababu kuchelewa ni hasara. Lakini ubongo hauachi kujifunza. Sehemu zilizosalimika zinaweza kuchukua baadhi ya kazi za zile zilizoumia, mradi mwendo urudiwe mara nyingi sana. Nusu saa kliniki mara moja kwa wiki haitoshi. Kazi hasa inafanyika nyumbani, kuketi na kusimama, kushika kikombe na kukiachia. Si kila kitu hurudi, na mtaalamu mkweli atakuambia hivyo. Mkono wa Mama umerudi nusu. Mguu umerudi zaidi.

"Ni mambo ya mifupa na wachezaji mpira." Hapa ndipo benchi lilinifungua macho. Kijana aliyeanguka na bodaboda, plasta imetolewa juzi na goti halikunji, huyo ni wa mifupa na misuli. Aliyeumia uti wa mgongo ni wa mishipa ya fahamu kama Mama, ila mafunzo yake ni mengine: kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, na kuinua makalio kila mara ili asipate vidonda vya kulalia. Jiji hili lina hospitali nzima ya rufaa kwa majeraha hayo, kwenye barabara ya Lenana.

Kuna wagonjwa wa mapafu pia. Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo huogopa kukohoa kwa sababu ya mshono, makohozi yakatulia kifuani, nimonia ikaingia. Mtaalamu humfundisha kukumbatia mto juu ya mshono, kuvuta pumzi ndefu na kukohoa. Hata katika chumba cha wagonjwa mahututi wataalamu hao wapo, wakiwageuza wagonjwa na kusafisha vifua.

Na kuna wanawake. Mama mmoja muuza mboga aliniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu ajifungue, akicheka au akibeba gunia mkojo unamtoka, na shangazi zake walimwambia ndio uzazi. Ni jambo la kawaida kwa maana ya kwamba linawapata wengi, lakini halifai kuvumiliwa. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela, imebeba kibofu na mji wa mimba. Ikilegea, huimarishwa: kubana kama anayezuia mkojo na hewa, angalau mara 8 kwa mkupuo, mikupuo 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Ni heri kuonyeshwa kwanza, maana wengi hukaza tumbo au makalio badala yake.

"Mtoto miguu itajinyoosha yenyewe." Mtoto aliyezaliwa nyayo zimepinda kuelekea ndani, hazinyooki kwa mafuta wala kwa kusubiri. Kwa njia aliyoibuni daktari Ignacio Ponseti, mguu hurekebishwa taratibu kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo, kisha mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu hadi miaka 4 hivi. Wazazi wengi huacha viatu mguu ukishanyooka, nao hupinda tena.

"Mgongo ukiuma, lala." Kwa maumivu mengi ya kiuno, kulala siku nyingi hudhoofisha. Endelea kutembea kadiri unavyoweza. Picha ya hospitali ikionyesha diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, imetokeza, usitishike mno. Hata wasio na maumivu hukutwa nayo. Ila mguu ukiishiwa nguvu, mkojo ukishindwa kuzuilika au ganzi ikiingia sehemu za siri, nenda hospitali saa hiyohiyo.

"Yeyote mwenye koti jeupe na mashine ni mtaalamu wa fizio." Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014, iliyounda baraza la kuwasajili na kuwapa leseni. Omba kuiona leseni, si utovu wa adabu. Yule wa Mama alinitolea yake mezani kabla sijamaliza swali.