Kabla ya kumtaja mchezaji bora wa kriketi wa mwaka, uliza alicheza na nani

Msimu wa kriketi ukimalizika, ubishi wa nani apewe tuzo ya mchezaji bora wa taifa hufika hata huku Malindi, mji ambao watu wake wengi ni wa kandanda. Wapenzi wa kriketi hapa ni wachache, lakini ni wabishi, na wengi wao huanza na kumalizia pale pale: jumla ya mikimbio, yaani alama anazofunga mpigaji. Aliyefunga mingi ndiye bora, basi. Mimi ni mwandishi wa alama, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi katika viwanja vya Mombasa, na nasema wazi kwamba jumla ya mikimbio ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote tulivyo navyo.

Juzi barazani, karibu na Msikiti wa Ijumaa, kijana mmoja alinisogezea simu yake.

"Ami, tazama. Huyu amewapita wote kwa mikimbio. Kuna la kujadili tena?"

"Lipo, mwanangu. Aliipata kwa nani?"

Hakuwa na jibu, na si kosa lake. Jedwali la mwisho wa msimu halisemi. Linampa mchezaji mikimbio 100 aliyoifunga dhidi ya timu iliyokusanywa wiki iliyopita uzito ule ule wa 100 aliyoifunga mbele ya warushaji wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Mfano mzuri ulitokea hapa hapa Kenya. Tarehe 23 Oktoba 2024, katika uwanja wa Ruaraka, Nairobi, Zimbabwe ilicheza na Gambia mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la T20, kriketi fupi ambayo kila timu hurushiwa ova 20 (ova moja ni mipira 6). Zimbabwe ilifunga mikimbio 344 kwa kupoteza wiketi 4, yaani wapigaji wake 4 tu walitolewa, rekodi ya dunia kwa mechi za kimataifa za T20. Sikandar Raza peke yake alipata 133 kwa mipira 43 bila kutolewa. Gambia wakatoka wote kwa 54. Raza ni mchezaji mkubwa, na amelithibitisha hilo mbele ya timu kubwa. Lakini ukimpigia kura ya mwaka kwa sababu ya siku ile ya Ruaraka, umeipigia kura tofauti ya uwezo kati ya nchi 2. Zimbabwe ingeshinda mechi ile hata kama Raza angebaki hotelini.

Hilo ndilo swali ninaloanza nalo: mtoe mchezaji huyu kwenye mechi, matokeo yanageuka? Yakibaki vile vile, mikimbio yake ni mapambo.

Swali la pili linawahusu warushaji, ambao kwenye tuzo hizi wanaonewa tangu zamani. Mpigaji akifunga 80, kila mtu ameona. Mrushaji akirusha ova 10 katikati ya mechi akatoa mikimbio 25 bila wiketi, jedwali la wiketi linamwandikia sifuri, ilhali pengine yeye ndiye aliyewakaba wapigaji hadi wakaanza kuipapatikia mipira ya mrushaji mwenzake wa upande wa pili na kutolewa. Wiketi zinaandikwa kwa jina la yule mwenzake. Katika kitabu cha alama jambo hili linaonekana vizuri. Kila mpira usiozaa mkimbio tunauweka nukta ndani ya kisanduku cha ova hiyo. Ova ikiisha na nukta 6, tunaziunganisha kwa kalamu zikawa herufi M. Mtu anayejua kusoma kitabu hahitaji kuambiwa nani aliishika mechi. Anafuata mstari wa mrushaji kwa kidole na kuhesabu zile M.

Mstari mzuri kuliko yote katika kriketi ya Kenya ni wa mtu wa Pwani, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa. Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia, mabingwa wa dunia. Kenya ilikuwa imefunga 174 tu, na Brett Lee alikuwa amewatoa wapigaji wetu 3 kwa mipira 3 mfululizo. Karim alikuwa na umri wa miaka 39, na alikuwa amekwisha kuustaafu mchezo kabla ya kuitwa tena. Akarusha ova 8 na mipira 2: M 6, mikimbio 7, wiketi 3, mmoja wao Ricky Ponting, nahodha wa Australia. Mipira 50 kwa mikimbio 7, kwa timu ile! Australia ilishinda mechi, lakini tuzo ya mchezaji bora wa siku ilikwenda kwa Karim, na sijapata kusikia mtu akisema haikuwa haki.

Kwa hiyo mtu anaweza kustahili tuzo timu yake ikishindwa. Walakini tuzo ya siku ni moja, na tuzo ya mwaka ni nyingine, na hapa ndipo ninapogombana na watu wa kwetu. Nitalirudia.

Nchi zilizotangulia zimejaribu kuutatua ubishi huu kwa kura. Australia ina medali ya Allan Border, iliyoanza kutolewa mwaka 2000, na mshindi wake wa kwanza alikuwa mrushaji, Glenn McGrath. Kura hazipigwi mwisho wa mwaka. Hupigwa baada ya kila mechi, 3 kwa aliye bora, 2 kwa wa pili na 1 kwa wa tatu, na wapiga kura ni wachezaji wenyewe, waamuzi na wanahabari. Faida yake ni kubwa: hakuna anayesahau mechi ya mwezi wa pili kwa kuwa mwezi wa kumi na mbili kumetokea kishindo. Na ushindani unaweza kuwa wa karibu mno. Mwaka 2020 David Warner alimpita Steve Smith kwa kura 1, 194 kwa 193.

Lakini hata mfumo huo una shimo, na shimo lenyewe linaitwa Shane Warne. Mrushaji huyu alistaafu kriketi ya kimataifa mwaka 2007 akiwa na wiketi 708 za mechi za testi, zile ndefu za siku 5, na medali ile hakuipata hata mara moja. Mwaka 2005 alichukua wiketi 96 za testi ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, jambo ambalo halikuwa limefanywa na yeyote. Kati ya hizo, 40 zilikuwa dhidi ya Uingereza katika mfululizo ambao Australia ilishindwa. Medali iliyotolewa mwanzoni mwa 2006 ikaenda kwa Ponting. Ponting alikuwa na mwaka mzuri sana wa kupiga, simnyang'anyi. Ila mimi ningempa Warne bila kupepesa, kwa sababu katika ule mfululizo na Uingereza, ukimtoa yeye hakuna mechi iliyobaki ya kuzungumzia.

Sasa turudi kwetu. Ninapotaka kumfundisha mtu namna ya kupiga kura, humpa zoezi moja: mchague mchezaji bora wa Kenya wa Kombe la Dunia la 2003, lile tulilofika nusu fainali. Majibu hutofautiana sana, na kila jibu linamfichua mtu anachokithamini.

Wagombea wapo wengi. Thomas Odoyo alichukua wiketi 4 kwa mikimbio 28 dhidi ya Canada, kisha dhidi ya Zimbabwe akafunga 43 bila kutolewa na kuipeleka Kenya nusu fainali. Maurice Odumbe, dhidi ya Bangladesh, alifunga 52 bila kutolewa na kuongeza wiketi 4 siku hiyo hiyo. Kennedy Otieno alifunga 60 dhidi ya Sri Lanka na 79 dhidi ya India. Mdogo wake, Collins Obuya, alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24 dhidi ya Sri Lanka. Steve Tikolo alikuwa nahodha, na kwenye nusu fainali dhidi ya India alifunga 56 wakati timu nzima iliishia 179. Na yupo Karim.

Watu wengi wamesahau jinsi pointi zilivyohesabiwa mwaka ule. Timu ilipoingia hatua ya timu 6, ilibeba pointi 4 kwa kila ushindi dhidi ya timu iliyofuzu pamoja nayo, na pointi 1 tu kwa ushindi dhidi ya timu iliyotolewa. Kenya iliingia na pointi 10. Zilitoka wapi? Nne zilitokana na New Zealand kukataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, miezi michache tu baada ya shambulio la Kikambala, hapa barabarani kwenda Mombasa. Nne za Sri Lanka. Moja ya Canada na moja ya Bangladesh.

Maana yake, ushindi pekee mkubwa tulioupata uwanjani kabla ya hatua ile ulikuwa ule wa tarehe 24 Februari, katika uwanja wa Gymkhana. Kenya 210 kwa wiketi 9. Sri Lanka 157, wote nje. Wiketi 5 za Collins Obuya hazikuwa za wachezaji wa mkiani, wale dhaifu wanaopiga mwisho. Aravinda de Silva, Mahela Jayawardene na Kumar Sangakkara wote walitolewa naye, kijana mwenye mpira wa spini ambao hawakuwahi kuusoma.

Utaniambia Odoyo hakuweza kujua kwamba wiketi zake za Canada zingebebwa kwa pointi 1 tu. Kweli kabisa, na ndiyo sababu sipendi kuzigeuza pointi moja kwa moja kuwa kura. Kanuni ya mashindano si kosa la mchezaji. Bangladesh nayo ilikuwa na hadhi ya testi, kwa hiyo siku ya Odumbe haikuwa siku nyepesi. Lakini hata ukiziweka pointi kando, Sri Lanka ilikuwa timu ya daraja jingine, na bila siku ile sioni tukifika nusu fainali.

Na zile 60 za Kennedy Otieno siku hiyo? Muttiah Muralitharan alichukua wiketi 4 kwa 28. Upande mmoja wapigaji wetu walikuwa wakianguka, upande wa pili Otieno anasimama. Bila 60 hizo, Collins angekuwa anailinda 150 au pungufu. Kisha Cape Town, mbele ya India ambayo baadaye ilicheza fainali, akafunga 79 kati ya 225 za Kenya. Kenya ilishindwa siku ile, na ndiyo maana watu huzisahau. Mimi nazihesabu.

Tikolo ndiye mchezaji bora kuliko wote ambao Kenya imewahi kutoa. Hilo sina shaka nalo. Lakini tuzo ya mwaka haitoi heshima kwa maisha ya mtu. Unahodha ni kazi ngumu ambayo kitabu changu hakina kisanduku chake, na kumpa mtu kura kwa kile nisichoweza kukionyesha kwenye ukurasa ni kumpa kwa jina lake.

Kura zangu za 2003 basi: 3 kwa Collins Obuya, 2 kwa Kennedy Otieno, 1 kwa Odoyo. Odoyo nimemweka kwa kuwa alikuwa wa maana mwanzoni na mwishoni, kwa mpira na kwa fimbo. Mwaka 2007 ICC, baraza la kimataifa la kriketi, ilimtambua kuwa mchezaji bora wa mwaka kutoka nchi zisizocheza testi, na aliyeisoma vizuri 2003 hakushangaa.

Karim hayumo, na kwa hilo nimelaumiwa sana na wazee wa kwetu. "Mtoto wa Pwani, na wewe wa Pwani, unamwacha nje?" Namwacha, Mzee wangu, kwa heshima zote. Ova zile 8 na mipira 2 ni bora kuliko kitu chochote alichokifanya Mkenya yeyote kwenye mashindano yale, Collins akiwemo. Tuzo yake alipewa jioni ile ile mjini Durban, na ilimstahili. Ya mwaka inataka mtu aliyekuwepo Februari na Machi.

Wanaopanga tuzo za msimu huu ningewaomba jambo moja tu la vitendo: kura zipigwe mechi ikiisha, na kabla ya kupiga, kitabu cha alama kipitishwe mezani kikiwa wazi kwenye ukurasa wa warushaji.