Je, wajua kwa nini mkojo huwa mwekundu mgonjwa anapotumia dawa ya kutoa chuma mwilini?

Huku Lindi, hasa katika vijiji vya bonde la mto Lukuledi ambako watoto hushinda majini, mkojo mwekundu hufikiriwa kwanza kuwa kichocho, na mara nyingi fikra hiyo ni ya busara. Kwa hiyo binti wa dada yangu, mwenye miaka 14 na selimundu tangu kuzaliwa, aliponiambia, "Mjomba, tangu nianze vidonge vipya mkojo wangu umekuwa mwekundu," nilimwambia aviache mara moja, kwa kuwa niliamini vinamuumiza figo. Katika familia zetu neno la mjomba halipuuzwi. Aliviacha siku nne, hadi muuguzi wa kliniki alipomuuliza mama yake mbona vidonge vimebaki vingi kuliko inavyotakiwa.

Maelezo ya msingi ni mafupi. Mtu anayeongezewa damu mara kwa mara, kama baadhi ya wagonjwa wa selimundu, hupokea pamoja nayo madini ya chuma, kiasi cha miligramu 200 hadi 250 katika kila chupa, ilhali mwili hupoteza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku kupitia chembe za ngozi na utumbo zinazobanduka, wala hauna njia ya kuongeza kasi hiyo hata chuma kikizidi. Chupa moja, kwa hiyo, ni mzigo wa siku 100 au zaidi. Kinachobaki hujikusanya katika ini, moyo na tezi za homoni, na huviharibu viungo hivyo polepole bila maumivu. Kupunguza kisamvu au maini hakuiondoi akiba hiyo. Dawa ndiyo huitoa.

Kosa langu nalieleza kwa kirefu kwa sababu nimekuta wengi wakilifanya. Vidonge alivyopewa ni vya deferiproni, na dawa hiyo inapomezwa haina wekundu wowote. Rangi hutokea pale tu dawa inapokutana na chuma na kukishika, kwani kitu kipya kinachoundwa na viwili hivyo ndicho chekundu. Anayeujua udongo wa uwanda wa Makonde ameshaona jambo linalofanana na hilo, maana wekundu wa udongo ule nao unatokana na chuma kilichoungana na oksijeni. Nilichodhani ni damu inayovuja kilikuwa chuma kikitoka nje, yaani kazi ileile ambayo dawa ilinunuliwa iifanye. Katika siku zile nne mkojo ulirudia rangi yake ya kawaida, nami nikauchukulia kuwa ushahidi kwamba nilisema kweli, kumbe ulionyesha kwamba chuma kimeacha kutoka.

Hata hivyo, si kila wekundu ni wa dawa. Selimundu yenyewe inaweza kujeruhi figo na kuleta damu katika mkojo, na kichocho hakimkwepi mtu kwa kuwa yuko kwenye matibabu. Mkojo uliokuwa mwekundu kabla ya dawa kuanza, wenye mabonge, au unaouma wakati wa kutoka, unapaswa kupimwa maabara, ambako darubini huonyesha kama kuna chembe za damu au mayai ya kichocho. Macho ya mjomba hayawezi kutofautisha.

Jinsi dawa inavyokishika chuma ndiyo sehemu iliyonivutia kuliko zote. Chembe moja ya chuma ina sehemu sita za kushikwa. Tulifikirie gunia la korosho lililojaa, lenye vishikio sita, linalopaswa kutolewa ghalani bila kuangushwa njiani. Deferoksamini, dawa ya zamani inayoingizwa chini ya ngozi kidogo kidogo kwa saa 8 hadi 12, ni mbebaji mmoja mwenye mikono sita, anayelikumbatia gunia peke yake kama pweza anavyolikumbatia jiwe. Deferasiroksi, dawa nyingine ya kumeza, ina mikono mitatu, hivyo hutakiwa wabebaji wawili. Deferiproni ina mikono miwili kama sisi, na kwa hiyo wabebaji watatu ndio hukamilisha kazi. Wakiwa wawili tu, vishikio viwili hubaki wazi, na chuma kilichoshikwa nusu kinaweza kuponyoka au kuendelea kudhuru. Kiasi cha deferiproni katika damu hupungua kwa nusu ndani ya saa mbili hivi, na ndiyo maana humezwa mara tatu kwa siku: kila dozi hupeleka wabebaji wengine kabla wale wa kwanza hawajaisha. Aliyesahau dozi na kukaribia muda wa nyingine asimeze mbili kwa pamoja ili kufidia.

Mikono hiyo haichagui chuma peke yake. Vidonge vya zinki na dawa za kiungulia zenye alumini vinapaswa kutenganishwa na deferiproni kwa angalau saa 4, la sivyo dawa itashika madini hayo badala ya kazi yake. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo ndugu hununua kwa upendo wanapomwona mgonjwa amepauka, vina chuma kilekile kinachotolewa, na visitumike bila idhini ya daktari.

Tena si kila dawa ya kundi hili hubadilisha rangi ya mkojo. Deferasiroksi hutoa chuma hasa kupitia nyongo na choo kikubwa, na mgonjwa wake asiyeona wekundu asidhani dawa imeshindwa. Inayohofiwa zaidi kwake ni figo, hivyo anayeharisha au kutapika hadi kupungukiwa maji awasiliane na kliniki siku hiyohiyo, na asijinunulie diklofenaki ya maumivu bila kuuliza. Niongeze kwamba sehemu kubwa ya ushahidi kuhusu dawa hizi ulitokana na wagonjwa wa thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ukiwemo wa nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania. Kwa selimundu ushahidi ni mwembamba zaidi. Kipimo cha ferritini, kinachokadiria akiba ya chuma mwilini, nacho hupanda mtu akiwa na maambukizi, hivyo jibu moja lililochukuliwa wakati wa malaria halitoshi kuamulia.

Dalili ambayo ningepaswa kuiogopa ni homa. Kwa mtu mmoja au wawili katika kila 100 wanaotumia deferiproni, chembe nyeupe zinazopigana na vimelea hushuka kupita kiasi, na mafua ya kawaida yanaweza kugeuka ugonjwa wa kuua. Ndiyo sababu ya kupimwa damu mara kwa mara, kila wiki katika miezi ya mwanzo. Homa au koo kuuma maana yake ni kusimamisha vidonge na kwenda kupimwa chembe hizo siku hiyohiyo, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha kwamba anayo.

Dada yangu amenunua kipimajoto. Kinakaa katika kopo moja na vidonge, juu ya kabati, na pembeni yake kuna karatasi yenye alama tatu kwa kila siku, ikiwa na pengo la siku nne ambalo binti hakulijaza.