Jifunze wxWidgets kwa kuziharibu programu zake za mfano

Wiki iliyopita kijana aliyekuja ofisini kwetu kwa mafunzo ya vitendo alinakili faili la minimal.cpp, programu ndogo ya mfano ya wxWidgets (maktaba ya C++ ya kutengenezea programu za madirisha), akaliweka kwenye folda yake mpya, akaandika amri ya kulikompaili. Kompaila ikagoma: sample.xpm haionekani. Akaniita.

"Kaka, mfano wa wenyewe waliotengeneza maktaba haukubali. Au nimepakua toleo bovu?"

Toleo lilikuwa zima. Nilifurahi kwamba amekutana na kosa hilo asubuhi ya siku ya kwanza, maana ndilo somo la kwanza la wxWidgets. Karibu na mwanzo wa faili hilo kuna mistari mitatu ambayo karibu kila mgeni huiruka:

```
#ifndef wxHAS_IMAGES_IN_RESOURCES
    #include "../sample.xpm"
#endif
```

Kwenye Windows, ikoni ya programu hukaa ndani ya faili lenyewe la .exe, ikiingizwa kupitia faili la .rc. Kwenye Linux utaratibu huo haupo, kwa hiyo picha inaandikwa kama msimbo wa C na kukompailiwa pamoja na programu nzima. Faili la picha la aina ya XPM ni maandishi matupu. Lifungue kwa kihariri chochote utaona herufi zilizopangwa zikachora picha. Na ule mkwaju na nukta mbili maana yake ni kwamba faili linatafutwa folda moja juu, na ndiyo sababu minimal.cpp ikihamishwa peke yake inakwama. Tulileta sample.xpm mahali pake, tukarudia amri ileile:

```
g++ minimal.cpp -o minimal $(wx-config --cxxflags --libs)
```

Dirisha likafunguka. Lakini nilichotaka akione ni hiyo mistari mitatu. Ukisikia watu wanasema maktaba fulani "inafanya kazi kwenye mifumo yote", ujue kuna mtu amekaa akaandika mistari ya namna hiyo kila mahali ambapo mifumo hiyo inatofautiana. Programu za mfano ndipo mahali pa kuiona kazi hiyo kwa macho.

wxWidgets ilianzishwa na Julian Smart mwaka 1992 akiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alipohitaji programu moja iendeshwe kwenye Windows na pia kwenye kompyuta za Unix zilizotumia mfumo wa madirisha uitwao X. Ndiko lilikotoka jina: w ya Windows, x ya X. Mwanzoni iliitwa wxWindows, ikabadilishwa jina mwaka 2004 baada ya Microsoft kuomba hivyo. Kinachoitofautisha na Qt, maktaba nyingine ya kazi hiyohiyo, ni kwamba kwa sehemu kubwa haijichorei vitufe vyake; inauomba mfumo wenyewe ulete kitufe chake. Ndiyo maana FileZilla ikiwa kwenye Mac inafanana na programu za Mac, na ikiwa kwenye Windows inafanana na za Windows. Uzuri huo una gharama yake: tabia za kila mfumo zinakufuata hadi ndani ya msimbo wako.

Ukipakua msimbo wa maktaba utakuta folda inayoitwa samples, na ndani yake makumi ya folda nyingine, kila moja na programu yake. Nimewaona vijana wengi wakizipitia kama watalii: wanakompaili, wanabonyeza mara mbili tatu, wanasema "nimeona", wanaendelea na inayofuata. Baada ya wiki wamezimaliza zote na hawawezi kuandika fomu ya kuingizia wateja. Mimi naomba kitu kingine. Chukua mfano mmoja, badilisha mstari mmoja, na kabla hujakompaili andika kwenye daftari unachotarajia kitokee. Kisha endesha. Pale ulipotarajia hivi ikatokea vile, hapo kaa.

Kwa minimal nampa kila mtu mambo matatu ya kuharibu. Kwanza, afute mstari unaosema frame->Show(true). Wengi huandika daftarini kwamba programu itaanza na kujifunga yenyewe. Haijifungi. Inaendelea kuishi bila dirisha, na terminali inabaki imeganda mpaka ubonyeze Ctrl+C. Fremu, yaani dirisha kuu, imeundwa, ipo kwenye kumbukumbu, mzunguko wa matukio unazunguka kusubiri mbofyo ambao hautakuja kamwe, kwa kuwa hakuna cha kubofya. Pili, arudishe Show, kisha kwenye OnInit, sehemu ya msimbo inayoendeshwa programu inapoanza, abadilishe return true iwe return false. Sasa ndiyo inajifunga papo hapo. Kwa mabadiliko hayo mawili mtu ameelewa uhai wa programu ya madirisha kuliko kwa kusoma sura nzima ya mwongozo: OnInit inaandaa, jibu lake ndilo linaloruhusu mzunguko kuanza, na kuwepo kwa fremu, hata isiyoonekana, ndiko kunakouweka mzunguko hai.

La tatu linahitaji Mac, na kama huna, azima ya mwenzako kwa nusu saa. Kwenye minimal, namba ya utambulisho ya menyu ya maelezo ya programu imefungwa na wxID_ABOUT. Ibadilishe iwe namba yako yoyote. Kwenye Linux na Windows hutaona tofauti. Kwenye Mac kitu hicho kilikuwa kimehamishwa chenyewe hadi kwenye menyu yenye jina la programu, pale ambapo watumiaji wa Mac wamezoea kukikuta. Sasa kinabaki chini ya menyu ya msaada kama mgeni. Waandishi wa mfano wameeleza jambo hilo kwenye maoni yaliyo juu ya mstari huohuo. Soma maoni yaliyomo kwenye mifano. Yana mambo ambayo hayakuandikwa kokote kwa ufupi namna hiyo.

Baada ya hapo twende kwenye samples/layout, kwa sababu mpangilio ndio unaowaliza wengi. Aliyezoea kuburuta vitufe kwa kipanya na kuviacha kwenye pikseli fulani atapata taabu hapa mwanzoni. wxWidgets inatumia saiza, yaani kitu kisichoonekana kinachogawa nafasi:

```
auto *safu = new wxBoxSizer(wxVERTICAL);
safu->Add(orodha, 1, wxEXPAND | wxALL, 8);
safu->Add(hifadhi, 0, wxALIGN_RIGHT | wxALL, 8);
paneli->SetSizer(safu);
```

Ile 1 ni fungu la nafasi inayobaki dirisha likikuzwa. Mwenye 0 anabaki na kimo chake. wxEXPAND inahusu upande mwingine, yaani upana, kwa sababu safu hii inashuka chini. Badilisha 1 iwe 0, kuza dirisha, uone orodha inavyobaki imejikunyata juu na sehemu yote ya chini iko wazi. Weka 1 kwa vyote viwili, na kitufe cha kuhifadhi kinarefuka hadi kugawana nafasi na orodha. Dakika kumi za kubadilisha tarakimu hizo zinatosha. Na sababu ya kutotumia pikseli ni ya kweli kabisa: fonti za mifumo hazilingani, na neno linalotosha kitufe kwa lugha moja linakatika kwa lugha nyingine.

Sasa matukio. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipolipia.

Miaka kadhaa nyuma niliandika programu ya mauzo kwa duka moja la dawa. Mhudumu alitaka abonyeze F2 popote alipo, dirisha la kutafuta dawa lifunguke. Nikaiunganisha fremu na tukio la wxEVT_KEY_DOWN, yaani kubonyezwa kwa kibodi, nikajaribu mezani kwangu, ikafanya kazi. Dukani haikufanya kazi. Mhudumu akiwa anaandika idadi ya vidonge, anabonyeza F2, kimya. Siku mbili nzima niliitafuta hitilafu kwenye msimbo wangu wa utafutaji, ambao haukuwa na tatizo lolote.

Nilichokosa kukijua kiko wazi ukiendesha samples/keyboard na samples/event ukiwa umetulia. Tukio la kubofya kitufe cha kwenye skrini ni tukio la amri, na matukio ya amri hupanda: kitufe kisipolishughulikia linakwenda kwa paneli, paneli ikiliacha linakwenda kwa fremu. Ndiyo maana unaweza kushughulikia vitufe vyote ukiwa kwenye fremu. Tukio la kibodi la KEY_DOWN halipandi. Linamfikia aliyeshika fokasi, yaani sehemu inayopokea maandishi wakati huo, basi. Mezani kwangu fokasi haikuwa kwenye kisanduku chochote cha maandishi. Dukani ilikuwa humo saa zote. Kinachopanda ni wxEVT_CHAR_HOOK, ambacho pia hutangulia matukio mengine ya kibodi:

```
void Fremu::KibodiImeguswa(wxKeyEvent& tukio)
{
    if (tukio.GetKeyCode() == WXK_F2)
        FunguaUtafutaji();
    else
        tukio.Skip();
}
```

Futa ule mstari wa Skip pamoja na else iliyo juu yake, uendeshe tena. Hakuna herufi hata moja itakayoandikika kwenye programu nzima, kwa sababu umeiambia maktaba kwamba kila kitufe umeshakishughulikia. Skip maana yake ni "nimeliona tukio, liendelee na safari yake". Nikikagua msimbo wa mtu na nikakuta kishughulikia tukio kisicho na Skip, namwuliza kwa nini, hata kama yuko sahihi.

Na jibu bora zaidi la F2 lilikuwa kwenye minimal tangu mwanzo. Jina la kitu cha mwisho cha menyu yake limeandikwa na "\tF1" mwishoni. Herufi hizo chache zinatengeneza njia ya mkato inayofanya kazi hata fokasi ikiwa kwenye kisanduku cha maandishi, na inaonekana kwenye menyu ili mhudumu mpya aijue bila kufundishwa. Nilihamishia F2 huko, nikafuta kishughulikia changu chote.

Kuhusu nyuzi (threads), yaani kazi kadhaa zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja, nitapita haraka: endesha samples/thread, na ushike sheria moja, kwamba uzi mkuu pekee ndio unaogusa madirisha. Uzi wa pembeni ukimaliza hesabu yake, utume taarifa kwa CallAfter au wxQueueEvent. Ukivunja sheria hii programu inaweza kukubali mwezi mzima kwenye Windows kisha ikaanguka siku ya kwanza kwenye Linux, na kosa la namna hiyo ni gumu kulifuatilia.

Wanaotumia maktaba nyingine wanaweza kwenda kwa mwendo huuhuu. GTK ina gtk4-demo, ambayo inaonyesha mfano ukifanya kazi na msimbo wake palepale. Qt inaleta mifano yake kwenye ukurasa wa kwanza wa Qt Creator. Tofauti ni majina tu. Kuharibu ni kulekule.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni samples/internat, wa kutafsiri programu. Kila sentensi inayoonekana kwa mtumiaji inazungushiwa alama ya _(), tafsiri inakaa kwenye faili la .po, na unaweza kulihariri kwa Poedit, ambayo yenyewe imejengwa kwa wxWidgets. Kwa umoja na wingi kuna wxPLURAL, na faili la Kiswahili linahitaji mstari huu kichwani:

```
Plural-Forms: nplurals=2; plural=(n != 1);
```

Hapo ngeli zetu zinafichua uvivu wa mwandishi wa programu. Aliyeunganisha jina la kitu na neno moja la "kufutwa" mbele yake, programu yake haiwezi kutafsirika: kitabu kimefutwa, picha imefutwa, faili limefutwa, vitabu vimefutwa. Hakuna neno moja linalowatosha wote. Dawa ni kuandika sentensi kamili kwa kila hali na kumwachia mtafsiri aipange, pamoja na tarakimu, kwa kuwa sisi tunasema "vitabu 3".

Kijana wetu sasa yuko kwenye mfano huo. Ameongeza folda ya sw, ametafsiri menyu zote, na jana jioni alikuja na swali ambalo sikuwa nimemtayarishia. Herufi inayotanguliwa na alama ya & kwenye jina la menyu ndiyo inayofunguliwa kwa Alt. Kwake Mtazamo, Mipangilio na Msaada zote zilianza na M, na Alt+M haijui iende wapi. Tulikaa na karatasi, tukagawa herufi: M&tazamo, Mi&pangilio, &Msaada.