Maana ya chujio la barua pepe

Kila upepo wa kusi unapokaza hapa Lamu, husikia barazani mtu akilalamika kwamba tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa "imezuiwa", au kwamba haikutumwa kabisa, kumbe barua yenyewe imo katika simu yake, ndani ya folda ya barua taka.

Chujio la barua pepe ni programu inayoipima kila barua inayoingia na kukadiria kama ni taka. Ikionekana ni taka, huitenga. Neno lenyewe Waswahili walikuwa nalo kabla ya kompyuta. Mwenye kukamua tui hutia nazi iliyokunwa ndani ya kifumbu, tui likapita na machicha yakabaki, wala machicha hayo hayajapotea, kwani akitaka huyatia maji tena apate tui la pili. Kuzuia ni jambo jingine: ni seva, yaani kompyuta inayopokea barua, kuikataa barua mlangoni, na kwa kawaida aliyeituma hurudishiwa taarifa kwamba haikupokewa. Barua iliyochujwa haimrudishii mtu habari yoyote, kwa hiyo mtumaji huamini kwamba amekwisha kuonya, naye mpokeaji huamini kwamba hakuna onyo, na hapo ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi.

Barua taka huitwa pia spamu, na jina hilo lilianza kuwa la nyama ya kopo iliyotolewa Marekani mwaka 1937. Mwaka 1970 kichekesho kimoja cha televisheni ya Uingereza kilikariri jina hilo mpaka mazungumzo mengine yote yakafunikwa, na watu wa kompyuta wakalichukua kwa maana hiyo ya kufunika sauti za wengine kwa wingi na marudio. Kwa bahati mbaya, tahadhari ya kweli nayo hupelekwa kwa watu wengi kwa mara moja, mara nyingi kutoka anwani isiyoandika kila siku, ikiwa na herufi kubwa, kiungo cha kubofya na neno "haraka", ambalo matapeli wamelitumia mno hata mashine ikalitilia shaka.

Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilichukua saa kadhaa kutoka Sumatra, Indonesia, hadi Malindi, na onyo lina faida ndani ya saa kama hizo tu. Gmail huiacha barua katika folda ya taka siku 30 kabla ya kuifuta, muda unaotosha kuipata barua ya benki, lakini nahodha aliyekwisha kutweka haumfai kitu.

Basi nawaomba wenzangu, barua ikionekana imo foldani, tuseme "imechujwa kimakosa", kwa sababu anayesikia "imezuiwa" humwendea mtumaji kwa lawama, na anayesikia "imechujwa" huifungua folda, akaonyesha kwamba barua ile si taka, na akaihifadhi anwani iliyoileta kabla ya tahadhari nyingine kutumwa.