Je, wajua Mkroatia mmoja alijuaje ganda la dunia linaishia wapi bila kuchimba shimo?

Ukitaja Kroatia mbele ya mashabiki wa mpira, jina la kwanza utakalosikia ni Luka Modrić. Wapenzi wa kikapu watamkumbuka Dražen Petrović, na wa tenisi watamtaja Goran Ivanišević, aliyeingia Wimbledon mwaka 2001 kwa nafasi ya kualikwa tu, akaondoka na kombe. Sifa hizo wanazistahili. Nchi yenye watu wasiofika milioni 4 imecheza fainali ya Kombe la Dunia, na hilo si jambo dogo.

Lakini yuko Mkroatia mwingine ambaye jina lake limefika mahali ambapo la Modrić halijafika. Limo chini ya Zagreb, chini ya Mombasa, chini ya bahari zote. Aliitwa Andrija Mohorovičić (tamka Mo-ho-ro-vi-chich), na wataalamu wa miamba duniani kote hulifupisha jina hilo kuwa Moho. Moho ni mpaka. Juu yake kuna ganda la dunia, lile tunalojenga, kulima na kuzikana juu yake. Chini yake huanza tabaka jingine la miamba mizito zaidi, linaloshuka kilomita 2,900 hivi kuelekea kwenye kiini. Mpaka huo hakuna mtu aliyewahi kuufikia. Mohorovičić aliutambua akiwa mezani kwake Zagreb, akiwa na karatasi na kalamu. Aliwezaje?

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1857 huko Volosko, kijiji cha pwani ya Adriatiki kilichokuwa wakati huo chini ya Dola ya Austria. Baba yake alikuwa mhunzi wa nanga. Kijana akaenda kusoma hisabati na fizikia Prague, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Ernst Mach, yule ambaye jina lake tunalisikia ndege inapovuka kasi ya sauti. Aliporudi alifundisha katika chuo cha mabaharia cha Bakar, na huko ndiko alikoanza kutazama anga. Ndiyo, anga. Mtu aliyekuja kutufunulia yaliyo chini kabisa alianza kwa kupima mwendo wa mawingu, na shahada yake ya udaktari ya mwaka 1893 ilihusu mawingu ya Bakar. Mwaka 1892 alikabidhiwa kituo cha hali ya hewa cha Grič, kilimani katika Zagreb ya kale. Mwaka huohuo kimbunga kilipiga mji wa Novska kikanyanyua behewa la treni lenye abiria ndani, naye akakichunguza na kukiandikia.

Nalitaja hilo la mawingu kwa sababu ndilo lililomjenga. Anayepima mawingu huandika kila siku, kwa saa ileile, hata siku ambayo hakuna kitu cha ajabu. Alipohamia kwenye matetemeko ya ardhi mwanzoni mwa karne ya 20, tabia hiyo alihama nayo. Zagreb ilikuwa na sababu ya kuyaogopa matetemeko, kwani lile la Novemba 1880 lilibomoa nyumba nyingi na kuliharibu kanisa kuu. Kwa hiyo akatafuta seismografu, mashine zinazochora mtikisiko wa ardhi kwenye karatasi, akazifunga Grič. Tena akasisitiza jambo ambalo wengi walilipuuza: saa sahihi. Wimbi la tetemeko linalotangulia hukimbia zaidi ya kilomita 5 kwa sekunde moja. Saa ya kituo ikikosea sekunde 2 tu, hesabu yako ya umbali imeshapotea zaidi ya kilomita 10.

Tarehe 8 Oktoba 1909 ardhi ikatikisika katika bonde la mto Kupa, karibu na Pokupsko, kilomita 40 hivi kutoka Zagreb. Mashine zake zilikuwa zinafanya kazi. Hakuridhika na michoro yake peke yake. Aliviandikia vituo vingine vya Ulaya aletewe rekodi zao za tetemeko lilelile, akazipanga kwa kufuata umbali wa kila kituo kutoka Pokupsko.

Hapo ndipo alipoona kitu kisichoeleweka. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili kuu yanayopita ndani ya ardhi. Kwanza hufika yale ya kusukuma, yanayoibana na kuiachia miamba. Nyuma yake huja yale ya kutikisa, yanayoiyumbisha miamba kwa ubavu. Hilo lilijulikana. Vituo vya karibu vilionyesha hivyohivyo. Lakini kuanzia umbali wa kilomita 300 hivi, michoro ilionyesha mawimbi ya kusukuma yakifika mara mbili, na ya kutikisa mara mbili, kana kwamba ardhi imetetemeka tena. Na kupita kilomita 700 hivi, jozi moja ikatoweka, ikabaki ile ya haraka. Tetemeko lilikuwa moja. Je, hizo jozi mbili zimetoka wapi?

Chukua ndugu wawili wanaotoka nyumba moja kupeleka habari za msiba. Mmoja anakwenda kwa miguu moja kwa moja, kwa njia ya mchanga inayopita mbele ya nyumba za watu. Mwenzake anateremka kwanza hadi barabara ya lami, anapanda baiskeli, kisha anapandisha tena kwa kichochoro hadi anakokwenda. Kwa jirani wa nyumba ya tatu, wa miguu ndiye atakayefika mwanzo, maana wa baiskeli bado anateremka. Kwa kijiji cha mbali mambo hugeuka: wa baiskeli amekwisha kupewa maji na kukaa kitako ndipo wa miguu anatokea. Sasa, wanakijiji wote njiani wakiandika saa aliyofika kila mmoja, wewe uliyekaa na daftari unaweza kupata mwendo wa wa miguu, mwendo wa baiskeli, na hata umbali wa lami kutoka kwenye njia ya mchanga, ingawa lami hiyo hujawahi kuitia machoni.

Mohorovičić alifanya hesabu hiyohiyo. Jozi ya polepole ilikuwa imesafiri ndani ya ganda. Jozi ya haraka ilikuwa imeshuka, ikakuta tabaka ambalo mawimbi hukimbia zaidi, ikapita humo na kupanda tena juu. Kwa mawimbi ya kusukuma, mwendo uliruka ghafla kutoka kilomita 5.6 hivi kwa sekunde hadi karibu 7.7. Mruko wa namna hiyo hautokei kama miamba inabadilika kidogo kidogo kadiri unavyoshuka. Lazima kuwe na mpaka, na kina chake kwa hesabu yake kilikuwa kilomita 54. Matokeo aliyachapisha mwaka 1910.

Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa namba yake ilizidi, na kwamba mpaka huo haulingani kila mahali. Chini ya mabara uko kwenye kina cha kilomita 35 hivi kwa wastani. Chini ya Tibet hushuka hadi 70. Chini ya sakafu ya bahari kuu mara nyingi hauzidi 10. Huku kwetu, watafiti waliopima Bonde la Ufa la Kenya kwa kulipua baruti ndani ya maziwa na kusikiliza mawimbi walikuta ganda la kilomita 35 hivi upande wa Naivasha, na kilomita 20 hivi tu upande wa Turkana. Ardhi inayovutwa pande mbili hukonda katikati, kama unga wa chapati unaonyooshwa. Njia waliyoitumia kulijua hilo ni ileile ya michoro ya Pokupsko: nani amefika mwanzo, nani amefika baadaye, na kwa saa ngapi.

Kuna kazi yake nyingine ninayoithamini kama hiyo, ingawa haitajwi sana. Mwaka huohuo wa 1909, miezi kadhaa kabla ya tetemeko la Pokupsko, alisimama mbele ya wahandisi na wasanifu majengo wa Zagreb kuwaeleza namna tetemeko linavyobomoa jengo na namna ya kujenga ili nyumba isimame. Desemba 2020 ardhi ya eneo lilelile ikatikisika tena, safari hii karibu na Petrinja, kwa ukubwa wa 6.4. Watu saba walikufa na nyumba nyingi za zamani zikaporomoka.

Yeye mwenyewe alifariki Zagreb tarehe 18 Desemba 1936. Mwanawe Stjepan alishika kazi hiyohiyo ya matetemeko. Upande wa Mwezi tusiouona kutoka duniani kuna kreta yenye jina la ukoo huo.

Na kuchimba? Wamejaribu. Mwaka 1961 Wamarekani walipeleka meli karibu na kisiwa cha Guadalupe, Mexico, mahali ambapo ganda ni jembamba, wakatoboa sakafu ya bahari meta 183, na mwaka 1966 Bunge lao likazuia fedha. Wasovieti walianza shimo lao katika rasi ya Kola mwaka 1970, wakachimba karibu miaka 20 hadi meta 12,262, ambapo joto la miamba liliwashinda. Moho ilikuwa bado mbali chini. Shimo hilo lipo hadi leo, limezibwa kwa kifuniko cha chuma kilichokazwa kwa boliti, na mdomo wake ni mpana kama sahani ya wali.