Je, Wajua Kwa Nini Panzi wa Nchi ya Joto Huwa Mkubwa Kuliko Ndugu Yake wa Nchi ya Baridi?

Mvua za kwanza zinaponyesha Mtwara na Lindi, kati ya Novemba na Desemba, nyasi huchipua chini ya mikorosho, na haupiti muda mrefu kabla ya tunutu, yaani panzi na nzige wachanga wasio na mbawa, kuanza kurukaruka shambani. Atakayewakamata waliokomaa mwezi Machi na kuwapanga mezani ataona kwamba mmoja ni mwembamba kama unyasi, mwingine ni mfupi tena mnene, na wa tatu ana mbawa zisizofika hata nusu ya tumbo. Sehemu ya tofauti hizo ni ya ukoo. Hata hivyo, panzi wa spishi moja waliokulia mahali pawili tofauti nao huweza kupishana ukubwa, na hata urari wa viungo.

Kwa wanyama wenye damu moto kuna kanuni mbili za zamani. Mwaka 1847 Mjerumani Carl Bergmann alieleza kwamba wanyama wa nchi za baridi huelekea kuwa na miili mikubwa zaidi, kwa sababu mwili mkubwa una ngozi kidogo ukilinganishwa na ujazo wake, hivyo hupoteza joto polepole. Mwaka 1877 Mmarekani Joel Asaph Allen aliongeza kwamba masikio, miguu na mikia ya wanyama hao huwa mifupi kwa sababu hiyo hiyo. Kanuni hizi zinavutia, na pengine ndiyo maana hupachikwa hata pasipostahili. Panzi hana joto la kulinda: akitaka kupashwa moto huota jua, na akizidiwa hujificha kivulini au hupanda juu ya bua.

Kwa spishi nyingi za panzi, mambo huwa kinyume kabisa cha alivyosema Bergmann. Nchini Argentina, panzi aitwaye Dichroplus pratensis huwa mkubwa kwenye maeneo ya joto ya kaskazini, na hupungua kadiri mtu anavyoelekea Patagonia, eneo la baridi la kusini, au kupanda milima. Sababu kubwa ni muda. Panzi hukua kwa kujivua gamba mara tano au sita hivi, na gamba la mwisho likishakauka ukubwa wake umekwisha kuamuliwa. Pale ambapo majira ya joto ni mafupi, mdudu mwenye kizazi kimoja tu kwa mwaka hana budi kukomaa upesi, hata akiwa mdogo, ili mayai yawe ardhini kabla baridi haijaingia. Anayechelewa ili anenepe hufa bila kuacha uzao.

Hapo pana jambo la kushangaza zaidi. Tukitoka kwenye baridi kuelekea kwenye joto, miili huongezeka hadi pale ambapo msimu unakuwa mrefu kiasi cha kutosha vizazi viwili kwa mwaka. Hapo muda hugawanywa kati ya vizazi hivyo na miili hushuka ghafla, kisha huanza kupanda tena. Mchoro wake hufanana na meno ya msumeno, na umeonekana vizuri kwa nyenje wa Japani.

Kusini mwa Tanzania hakuna majira ya baridi kali ya kumkimbiza panzi. Kinachobana muda huku ni kiangazi. Tofauti na Tanga au Mombasa, ambako kuna vuli na masika, Mtwara na Lindi zina msimu mmoja wa mvua unaokwisha mwezi Aprili au Mei, na kuanzia Juni nyasi hukauka. Kwa hiyo mtu anayetaka kuelewa umbo la panzi wa huku ni heri aanze na kipimo cha mvua, kisha ndipo ashike kipimajoto. Mwinuko nao una sehemu yake: halijoto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na uwanda wa juu wa Makonde, kuelekea Newala, hufikia karibu mita 900.

Viungo, kwa upande wao, havikui kwa mwendo mmoja na kiwiliwili, na kwa hiyo panzi aliyekatizwa ukuaji si nakala ndogo ya mwenzake mkubwa. Makazi pia huchonga umbo: wanaoishi kwenye nyasi ndefu mara nyingi huwa wembamba wenye uso ulioinamia nyuma, ilhali wa ardhi tupu huwa wanene wenye rangi ya udongo. Mbawa ndizo hubadilika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa misuli ya kuzipiga mbawa hizo ni ghali na chakula chake kingeweza kutengeneza mayai. Katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo hudumu mwaka mzima tofauti na nyasi za msimu, jenasi ya panzi iitwayo Parepistaurus ina vibawa vidogo visivyoweza kumrusha mwenyewe. Hata Zonocerus elegans, yule panzi wa rangi kali anayenuka na kutafuna majani ya muhogo, kwa kawaida huwa na mbawa fupi, ingawa wachache huota ndefu.

Nzige wa jangwani hubadili urari wake bila hata kuhama nchi. Akikulia peke yake, paja lake la nyuma huwa refu likilinganishwa na upana wa kichwa. Akikulia kwenye msongamano, paja hupungua na mbawa hurefuka zikilinganishwa nalo. Kwa hiyo mtaalamu aliyeletewa nzige mmoja tu, tena aliyekufa, anaweza kupima paja, kichwa na bawa, akakisia kama mdudu huyo alikulia upweke au ndani ya kundi.