Australia haikupata uhuru mwaka 1901

Wengi huamini kwamba tarehe 1 Januari 1901 Australia ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza. Sivyo. Siku hiyo makoloni sita, yaani New South Wales, Victoria, Queensland, South Australia, Western Australia na Tasmania, yaliungana kuwa shirikisho moja, tena kwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Uingereza. Taji, yaani utawala wa kifalme wa Uingereza, lilibaki palepale.

Sababu moja kubwa iliyoyasukuma makoloni kuungana ni kero za wao kwa wao. Bidhaa zilitozwa ushuru zikivuka kwenda koloni jirani, na reli zilitofautiana upana, hata abiria wa Sydney kwenda Melbourne alilazimika kubadili treni mpakani, Albury. (Kero hiyo ya treni, muungano haukuiondoa hadi 1962!)

Wala hawakukimbilia kuungana. Kura ya maoni ya 1898 ilikwama New South Wales: waliosema ndiyo walikuwa wengi, lakini hawakufika 80,000 waliotakiwa. Western Australia ilipiga kura Julai 1900, sheria ikiwa imeshapita, na mwaka 1933 wananchi wake wakapiga kura ya kujitoa. London ikakataa.

Uhuru wenyewe ulikuja vipandevipande. Uingereza ilipoingia vitani 1914, Australia ilihesabiwa imo vitani moja kwa moja. Sheria ya Westminster ya 1931, ya Bunge la Uingereza, iliyolipatia bunge la Australia mamlaka kamili zaidi, bunge hilo liliikubali 1942 tu. Rufaa za mahakama za majimbo kwenda London zilikoma 1986.